SOMO LA HISTORIA: WAPARA KATIKA MJI WETU, 1964



Tukisikia neno wapara tunawaza sinema tu. Lakini walishuka hapa kwetu, tarehe 24 Novemba 1964. Tujifunze basi.

1. Juu ya nini walikuja?
Mwezi wa Agosti 1964 Simba walikamata Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Walifunga wageni wengi sawa mateka. Majeshi yakikuja kwa barabara tu, habari ingewatangulia, na mateka wangeweza kuuawa. Ndiyo maana ya parashiti: kufika ghafula.

2. Walifanya namna gani?
Hawakuwa divizio, maana divizio ni maelfu ya askari. Walikuwa sehemu ya rejima moja ya Ubelgiji, mkubwa wao Kolonel Laurent. Ndege za Marekani C-130 ziliwapeleka mpaka kisiwa cha Ascension, halafu Kamina. Saa kumi na mbili asubuhi, askari karibu 320 waliruka juu ya Simi-Simi. Simba walikuwa wameziba kiwanja kwa mapipa na magari. Wapara waliyaondoa, ndege zingine zikatua.

3. Mpaka wa kazi yao
Mpara anabeba silaha nyepesi, na anatembea kwa miguu. Mbele wafike mjini, Simba walitoa mateka wa hoteli Victoria njiani, wakawapiga risasi. Ndipo alipokufa Dokta Paul Carlson, mganga wa misioni ya Wasolo. Wageni zaidi ya 1,500 waliokolewa. Lakini wapara hawakuvuka mto, na kule Lubunga mateka wengine waliuawa.

4. Na sisi?
Tarehe 26 waliruka tena Paulis (Isiro), kisha wakarudi kwao. Jamaa zetu walibaki. Wakongomani wengi walikuwa wamekwisha kuuawa na Simba. Wengine wengi waliuawa na askari na mamluki kisha mji kutwaliwa. Wageni waliokufa waliandikwa kwa majina. Wetu walizikwa bila orodha.

Katika darasa tunabishana: walikuja kuokoa ao kutawala? Mwenye kujibu neno moja tu hajasoma vizuri. Waliokoa watu kweli, na wengine waliwaacha.

Maulizo:
a) Parashiti inasaidia nini, na inashindwa wapi?
b) Uliza mzee wa Kabondo: ile siku, jamaa yake ilijificha wapi? Andika jibu, na majina.