Jinamizi, Popobawa na Mwili Uliolala

Mtu anayezinduka usiku akajiona amebanwa kifuani, asiweze kunyanyua mkono wala kutoa sauti, huku ana hakika kwamba kuna kitu kimesimama chumbani, husemwa kuwa amekabwa na jinamizi. Neno hilo hutumika pia kwa ndoto mbaya, ingawa mambo hayo mawili hayafanani, kwa kuwa aotaye ndoto mbaya amelala fofofo, ilhali aliyekabwa yu macho: anaiona neti iliyoning'inia juu ya kitanda chake, anamsikia jogoo wa jirani, na bado kidole hakimtii.

Wataalamu wa usingizi huiita hali hiyo kupooza usingizini. Usingizi wa binadamu huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ndani ya kila mzunguko hupatikana kipindi cha usingizi wa ndoto, ambamo macho huchezacheza upesi chini ya kope zilizofumbwa. Katika kipindi hicho shina la ubongo, yaani sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, huilegeza misuli ya mikono, miguu na shingo, na ulegevu huo ni kinga, kwa maana bila ya huo mtu anayeota anakimbizwa na ng'ombe angetimka kweli na kujigonga ukutani. Jinamizi hutokea pale fahamu zinaporejea kabla misuli haijafunguliwa. Kwa kuwa misuli ya kifua nayo imelegea na pumzi inaendeshwa na kiwambo pekee, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, anayejaribu kuvuta pumzi ndefu hushindwa, akahisi kama amekaliwa. Na kwa kuwa sehemu ya ubongo inayolinda dhidi ya hatari, iitwayo amigdala, huwa imeamka sana wakati wa ndoto, hofu humjia kwanza, kisha ubongo ukaitafutia sababu gizani. Yote haya huchukua sekunde chache au dakika chache, na huwapata zaidi waliolala chali, wasiopata usingizi wa kutosha, wafanyao kazi za zamu na wenye mawazo mengi.

Mwili ni mmoja, lakini sura ya mkabaji hutolewa na jamii. Wakazi wa Newfoundland, nchini Kanada, humtaja bibi kizee anayekaa juu ya kifua cha aliyelala; Wajapani huiita hali hiyo kanashibari, wakimaanisha kufungwa kwa minyororo ya chuma; na visiwani Zanzibar, hasa Pemba, mkabaji alipewa jina la popobawa, kutokana na bawa la popo. Popo halisi wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani na ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6, hula matunda na hana hatia yoyote katika habari hii.

Hofu ya popobawa ilivuma Pemba mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, ikarudi kwa nguvu mwaka 1995, ilipovuka kutoka Pemba hadi Unguja na Dar es Salaam. Waliosimulia walitaja harufu kali, makucha yanayokwaruza bati, uzito kifuani na udhalilishaji ambao wengi waliona haya kuutamka. Alama kadhaa kati ya hizo, hasa uzito na kushindwa kupiga kelele, ni zile zile za kupooza usingizini. Inafaa ikumbukwe kwamba Ramadhani ya mwaka huo iliangukia mwezi Februari, wakati ambapo usingizi hukatwa na daku, na kwamba Oktoba ulisubiriwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, hali iliyozifanya baraza zijae wasiwasi kabla popobawa hajatajwa.

Kilichoieneza hofu hiyo ni sharti lililoambatana nayo, kwamba aliyeshambuliwa lazima awaeleze wengine, la sivyo mshambuliaji atamrudia. Pengine hakuna njia bora zaidi ya kuisambaza habari. Familia zikahamia nje, zikalala kwa makundi kuzunguka moto, jambo lililowapa watu faraja ya kuwa pamoja lakini likawapunguzia usingizi na kuwaongezea masimulizi, yaani likachochea kile kile walichokikimbia. Ubaya mkubwa haukufanywa na kiumbe yeyote wa gizani: mjini Zanzibar mtu mwenye ugonjwa wa akili, aliyedhaniwa kuwa ndiye popobawa, aliuawa na umati.

Kwa hiyo, anayesema amekabwa hasemi uongo na hastahili kuchekwa, na dua anayoisoma kabla ya kulala, ikimtuliza, haipingani na maelezo haya. Inasaidia kulala kwa ubavu, kulala na kuamka kwa saa zile zile, na, jinamizi linapokuja, kuacha kupambana na mwili mzima, badala yake kuelekeza nia kwenye kidole kimoja cha mguu hadi kitikisike. Anayekabwa mara kwa mara, na hasa anayeshikwa pia na usingizi wa ghafla mchana, amwone daktari. Na panapotokea uvumi kwamba mkabaji ana jina na anaishi nyumba fulani, wananchi wanaombwa wamlinde mwenye nyumba hiyo na kuwaita polisi au sheha mapema, kabla umati haujakusanyika.