Kabla ya Kiboko, Chunguza Kinachomsumbua: Somo kwa Wazazi, Walezi na Walimu

Tuchukue mfano. Ni Jumapili katika soko la Kibuye. Wauza mitumba wananadi kwa sauti, bodaboda wanapiga honi, na harufu ya omena imetanda. Mvulana wa miaka sita anaziba masikio, anajitupa chini na kupiga mayowe. Watu wanasimama kutazama. Mmoja anasema mtoto huyu hana adabu. Mwingine anamshauri mama atumie kiboko. Wa tatu ananong'ona kuhusu chira. Mama anambeba mwanawe na kuondoka, na Jumapili inayofuata anamfungia nyumbani.

Wazazi wengi katika kaunti yetu, kutoka Seme hadi Nyakach, wanayajua mambo haya. Somo la toleo hili linaeleza yanatokana na nini na mzazi afanye nini.

Kinachotendeka mwilini

Shuleni tulifunzwa kuhusu hisia tano. Wataalamu huongeza nyingine: hisia ya mwendo na usawa, iliyo ndani ya sikio, na hisia ya misuli na viungo, inayotujulisha mkono uko wapi hata tukifumba macho. Ubongo hupokea taarifa hizi zote kwa wakati mmoja na kuzipanga. Mwaka wa 1972, mtaalamu kutoka Marekani, A. Jean Ayres, alichapisha kitabu kilichoeleza kuwa baadhi ya watoto wana ugumu wa kuzipanga taarifa hizo.

Wako wanaohisi kupita kiasi. Mvua ikipiga mabati wanalia, na sweta ya shule inawawasha kutwa nzima. Wako pia wanaohisi kidogo mno. Hao hurukaruka, huwagonga wenzao na kutafuna kola. Hali hii huonekana sana kwa watoto wenye usonji, ingawa si wao pekee.

Anayewasaidia ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye hospitalini wengi wanamjua kama mtu wa OT. Lengo lake ni kumwezesha mtoto kufanya shughuli zake za kila siku: kula, kuvaa, kucheza na kusoma.

Mambo matano ya kufanya nyumbani na darasani

1. *Andika.* Kwa wiki moja, kila mtoto anapolipuka, andika mambo matatu: nini kilitangulia, alifanya nini, na nini kilifuata. Mtoto anayelilia mandazi hunyamaza akipewa. Aliyelemewa na kelele hanyamazi hata ukimpa kikapu kizima. Daftari litakuonyesha tofauti.

2. *Mpe kazi ya misuli.* Kusukuma, kuvuta na kubeba huwatuliza watoto wengi. Akande unga wa chapati, afue nguo, au abebe mtungi mdogo wa maji asioulemea. Bembea ya tairi kuukuu nayo husaidia. Fanya hivi kabla ya darasa au safari, usingoje alipuke kwanza. Akiogopa au akikataa, acha.

3. *Punguza kinachomsumbua.* Kata lebo ya ndani ya shati. Nenda sokoni asubuhi kabla watu hawajajaa. Darasani, mwalimu amketishe mbali na mlango na kengele, na ampe nafasi ya kutoka kidogo, kwa mfano kufuta ubao au kupeleka vitabu ofisini.

4. *Mwonyeshe kinachofuata.* Chora picha nne ukutani: kuamka, kuoga, chai, shule. Tumia maneno machache. Mabadiliko ya ghafla huwatisha watoto hawa.

5. *Usimlazimishe chakula.* Mtoto anayekataa omena huenda anashindwa na jinsi wanavyokwaruza mdomoni. Weka kidogo kando ya ugali, amguse na kumnusa kwanza. Hatua ndogo kila siku zinatosha.

Akishalipuka, usimhubirie. Mwondoe penye kelele, ongea kwa sauti ya chini na ungoje. Mafunzo yatakuja akitulia. Usimfunike kichwa wala kumfunga kwa leso ili atulie.

Tahadhari kwa wanaoishi karibu na ziwa

Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji na huweza kutoroka bila kuhisi hatari. Kwa familia za Dunga, Usoma na fuo nyingine, jambo hili ni la kufa na kupona. Weka komeo juu ya mlango, waarifu majirani na wavuvi wamtambue mtoto, na akipotea, anzeni kutafuta penye maji.

Pa kuanzia

Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu. Omba masikio na macho ya mtoto yapimwe kwanza, kwani asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Kisha omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kuhusu masomo, vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984, humpima mtoto na kushauri kuhusu shule inayomfaa.

Tiba hii haifuti usonji, na si kila mbinu humfaa kila mtoto. Anayekuahidi uponyaji wa haraka kwa malipo makubwa, mwepuke.

Tukumbuke pia sheria. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Kwa mtoto wa aina hii, kiboko huongeza hofu na kumwacha na tatizo lile lile.

Ukikutana na mama huyo sokoni, usimhukumu. Mpishe njia, mbebee kikapu, na umwambie kuna pa kupata msaada.