Bakteria Rafiki wa Udongo: Namna ya Kupunguza Robo ya Mbolea kwenye Nyanya

Mkazi wa Bunju anayelima nyanya nyuma ya nyumba, au katika kiwanja kinachosubiri ujenzi, hukutana na jambo moja linalojirudia kila msimu. Hununua mbolea na kuiweka. Mimea hunawiri kwa wiki mbili, kisha majani ya chini huanza kugeuka njano kana kwamba hakuna kilichowekwa. Hurudi dukani. Kufikia mavuno, fedha iliyotumika kwenye mbolea imekwisha kula sehemu kubwa ya ile itakayopatikana sokoni.

Chanzo kikubwa cha hali hiyo kimo ndani ya udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya ukanda huu wa pwani ina udongo wa kichanga, na mchanga hupitisha maji upesi bila kushikilia chakula cha mmea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ikishafika ardhini, urea hugeuka kuwa amonia, na baadaye huwa naitreti, ambayo haishikwi na chembe za udongo. Mvua moja kubwa ya masika hutosha kuishusha hadi mahali ambapo mizizi ya nyanya haifiki.

Huko chini ndiko yaliko maji ya visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya kuwakinga watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya kopo, kwa kuwa naitreti ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Ni kweli kwamba vyoo vya shimo navyo huchangia naitreti katika maji ya ardhini. Hata hivyo, mbolea inayopotea shambani ni hasara ya mkulima na vilevile ni mzigo kwa jirani mwenye kisima.

Ipo njia ya kupunguza upotevu huo, nayo inategemea viumbe wasioonekana kwa macho. Udongo wenye afya una bakteria wengi mno, na wengi zaidi hukusanyika karibu na mizizi, kwa sababu mizizi hutoa sukari na vitu vingine wanavyovila. Baadhi yao hurudisha fadhila. Wapo wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Wengine, wakiwamo baadhi ya bakteria wa jamii ya Bacillus, hutoa asidi inayoyeyusha fosforasi iliyogandamana na madini ya udongo, ambayo mmea haukuweza kuitumia ingawa ililipiwa. Kundi la tatu hutengeneza vichocheo vya ukuaji vinavyoufanya mzizi uchipuze matawi na vinywele vingi zaidi.

Kwa mlimaji wa nyanya, kazi hii ya tatu ndiyo yenye uzito. Nyanya haina uwezo wa kuishi na bakteria ndani ya mizizi yake kama ifanyavyo kunde, hivyo naitrojeni inayopata moja kwa moja kutoka kwao ni kidogo. Lakini mmea wenye mizizi mingi hukamata mbolea kabla haijapita. Bakteria hawaongezi mbolea kwenye mfuko. Wanapunguza ile inayokwenda bure.

Kiasi cha faida hiyo kimepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya majaribio ya nyanya zilizowekewa aina mbili za bakteria wa jamii ya Bacillus, pamoja na kuvu rafiki wa mizizi. Mimea iliyopewa asilimia 75 ya mbolea iliyopendekezwa, ikisaidiwa na viumbe hao, ilikuwa sawa na ile iliyopewa mbolea yote bila msaada. Mbolea iliposhushwa chini ya asilimia 75, matokeo hayakuwa ya kutegemewa. Majaribio hayo yalifanyika ndani ya banda la kuoteshea, mahali ambapo maji na joto huweza kudhibitiwa. Shamba la Bunju lina jua lake, mvua yake na mchanga wake. Kwa hiyo robo moja ichukuliwe kuwa ndicho kipimo cha juu cha kuanzia, na muuzaji anayedai kwamba chupa yake inaondoa kabisa haja ya mbolea ya viwandani aulizwe amelipima wapi dai hilo.

Teknolojia ya kutumia bakteria si ngeni katika Afrika Mashariki. Kibaha, mkoani Pwani, kipo kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano na Cuba, ambacho huzalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kutengeneza kirutubisho cha bakteria kiitwacho Nitrosua kwa ajili ya soya, na nchini Kenya kipo Biofix. Hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho. Nitrosua na Biofix vina bakteria wa mazao ya jamii ya mikunde: soya, maharage na mengineyo. Anayeipaka miche ya nyanya pakiti ya soya amepoteza fedha yake, kwa kuwa bakteria hao huchagua mmea wa kuishi nao. Pakiti ya nyanya lazima ilitaje zao hilo, itaje jina la bakteria waliomo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na bidhaa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania.

Kwa bahati njema, wapo bakteria wasiohitaji kununuliwa. Udongo wa pwani kwa kawaida una bakteria wanaoishi na kunde. Mkulima akipanda kunde wakati wa masika, akachuma majani machache kwa mboga, kisha akaikatakata na kuifukia inapoanza kutoa maua, naitrojeni iliyokusanywa kutoka hewani hubaki kwenye tuta kwa ajili ya nyanya itakayofuata. Akisubiri hadi avune kunde kavu, sehemu kubwa ya naitrojeni huondoka na punje. Baada ya kufukia, tuta liachwe wiki mbili hadi tatu majani yaoze, ndipo miche ipandikizwe. Ratiba hii inaafikiana vizuri na hali ya hewa ya Dar es Salaam: kitalu cha nyanya huandaliwa mwezi Mei, na miche huhamishiwa shambani mwezi Juni, wakati joto limepungua na mvua zimekwisha.

Kabla ya kufukia, ang'olewe mche mmoja au miwili ya kunde na mizizi yake ichunguzwe. Vinundu vya bakteria hubandikwa ubavuni mwa mzizi na hutoka kwa urahisi vikisuguliwa kwa kidole. Kikipasuliwa, kinundu kinachofanya kazi huwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani. Cha kijani au kijivu kimechoka au hakifanyi kazi. Lakini ikiwa mzizi wenyewe ndio uliovimba, na uvimbe hautoki bila kuukata mzizi, hao ni minyoo fundo, na minyoo hiyo huishambulia nyanya pia. Tuta la namna hiyo lisipandwe nyanya msimu huo. Watu wengi huchanganya vitu hivi viwili, wakafurahia ugonjwa wakidhani ni neema.

Bakteria wa kununua na wa bure wote huhitaji kula na kujificha dhidi ya joto, na mchanga mtupu hauwapi lolote kati ya hayo. Mboji ndiyo nyumba yao. Kata za Bunju na Mabwepande zina wafugaji wengi wa ng'ombe na kuku, na katika eneo la Mabwepande kipo kiwanda cha mboji kilichojengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, ambacho hutumia taka za masokoni. Samadi ya kuku isiwekwe ikiwa mbichi, kwa sababu ina amonia kali inayounguza mizizi. Irundikwe, ilowanishwe na kugeuzwa mpaka ipoe na kupoteza harufu. Mikono miwili iliyojaa mboji iliyoiva kwa kila shimo ni mwanzo unaofaa. Mkulima asiye na fedha ya kuchagua vyote viwili aanze na mboji, kwa maana bakteria waliowekwa kwenye mchanga mkavu hawaishi muda mrefu.

Pakiti ikishanunuliwa, itunzwe kama kitu chenye uhai. Haifai kuachwa kwenye dashibodi ya gari wala juani dukani. Maji ya bomba yana klorini, ambayo imewekwa ili kuua bakteria na haitofautishi rafiki na adui; yakingwe kwenye ndoo iliyo wazi na kuachwa usiku kucha kabla ya kuchanganywa. Mizizi ya miche huchovywa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha hupandwa jioni, udongo ukiwa na unyevu. Pampu iliyotumika kupulizia dawa za ukungu zenye madini ya shaba isitumike bila kuoshwa vizuri, na mchanganyiko wa bakteria usitiwe kwenye chombo kimoja na chumvichumvi ya mbolea.

Bakteria rafiki si tiba ya magonjwa. Mnyauko bakteria, ambao nao husababishwa na bakteria wa udongo, huua mche wa nyanya ungali wa kijani, mara nyingi ndani ya siku chache, na hauna dawa. Mkulima anaweza kuutambua mwenyewe: akate kipande cha shina karibu na ardhi na kukitumbukiza kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka kutoka kwenye shina baada ya dakika chache, huo ndio ugonjwa wenyewe. Mche ung'olewe na kuchomwa, na eneo hilo lisipandwe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala mnavu kwa misimu kadhaa. Mahindi yanafaa zaidi.

Kwa anayetaka kujua kama njia hii inamfaa, jaribio ni jepesi. Zichaguliwe safu mbili zilizo karibu, zenye mboji sawa, idadi sawa ya miche na umwagiliaji sawa. Safu ya kwanza ipewe mbolea kwa kiwango cha kawaida. Safu ya pili ichovywe bakteria, na kila mahali ambapo mche ungepewa vifuniko vinne vya soda vya mbolea kwa msimu mzima, upewe vitatu. Kila mchumo upimwe kwa mizani au kwa ndoo ileile, na uandikwe kwenye daftari safu kwa safu, pamoja na gharama ya pakiti. Mavuno ya safu mbili yakilingana na pakiti ikawa na bei ndogo kuliko mbolea iliyookolewa, mkulima ana jibu lake. Pakiti ikigharimu zaidi, hilo nalo ni jibu, na kunde na mboji zitabaki kuwa njia yake. Daftari hilo, pamoja na mche wowote wenye dalili za ugonjwa uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki, lipelekwe kwa afisa ugani katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata, ili kiwango cha msimu unaofuata kipangwe kwa takwimu za shamba lenyewe.