Bangi na Amana ya Akili

Miongoni mwa vijana wanaoichunguza dini ya Islam, na hata miongoni mwa waliokwisha kuingia, wako wanaouliza: Kurani Tukufu imekataza pombe; je, bangi imetajwa wapi? Swali hili lina uzito mkoani Morogoro, ambako katika miaka ya karibuni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeteketeza mashamba ya bangi, na ambako wako wanaodhani kuwa mmea huu humpa mtu nguvu za kulima miteremko ya Uluguru. Yafaa lijibiwe kwa utaratibu.

Kwanza, hukumu ya dini. Neno la Kiarabu khamr lina asili ya kufunika. Hazrat Umar r.a., akihutubia juu ya mimbari, alieleza kwamba khamr ni kila kinachoifunika akili. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba kila chenye kulevya ni haramu, na kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, hata kidogo chake ni haramu. Basi hukumu haikufungwa katika zabibu wala tembo la mnazi, bali katika tendo la kulevya. Naye Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika kitabu chake Safina ya Nuhu cha mwaka 1902, hakuonya juu ya pombe peke yake. Aliitaja afyuni, akaitaja na bangi kwa jina lake, akaeleza kwamba kila kileo kinachogeuka kuwa mazoea huharibu ubongo na mwishowe humwangamiza mtu.

Pili, hekima ya katazo hili. Kurani Tukufu (4:44) yamkataza mlevi kuikaribia sala mpaka ayajue anayoyasema. (Hapa Bismillahi yahesabiwa kuwa aya ya kwanza.) Sala, toba na baiati vyote vyasimama juu ya akili. Na akili ya kijana bado inajengwa: wataalamu wameeleza kuwa ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mto Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru, nao huwanywesha hata watu wa Dar es Salaam. Anayeichafua chemchemi amewadhuru wote walio chini. Ndivyo alivyo yule auchafuaye ujana wake: madhara huufuata umri wote uliobaki.

Uchunguzi wa kisayansi wathibitisha jambo hili. Huko Sweden, vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1987 yalionyesha kuwa waliokwisha kuvuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na maradhi makubwa ya akili, yaitwayo skizofrenia, mara sita kuliko wasiovuta. Hii si kusema kwamba kila avutaye atarukwa na akili. Lakini ni nani ajuaye kabla kama yeye ndiye atakayepatwa? Tena, kwa wastani mtu mmoja katika kila kumi waliojaribu bangi hunaswa nayo. Kwa walioanza katika ujana, ni mmoja katika kila sita.

Tatu, wako wasemao: “Wazee wetu walivuta, wakaishi salama.” Wajue kwamba bangi ya leo siyo ile ya wazee. Kilevi chake kikuu huitwa THC. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, kiasi hicho kilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 kilikuwa kama asilimia 12. Hapa Tanzania nako hukamatwa bangi kali iitwayo skanka. Uchunguzi wa Ulaya uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaovuta bangi kali kila siku wamo katika hatari ya kurukwa na akili karibu mara tano kuliko wasiovuta kamwe.

Nne, namna ya kuiacha. Wengine husema: “Pombe ilikatazwa hatua kwa hatua, basi nami nitaacha hatua kwa hatua.” Hoja hii haisimami. Hatua zile zilikuwa za kushuka kwa sheria, nayo imekwisha kamilika (5:91-92). Amri ya mwisho ilipofika, watu wa Madina waliimwaga pombe siku ile ile mpaka ikatiririka njiani. Mwenye kuacha bangi ajue kuwa siku za kwanza atakosa usingizi na hamu ya chakula, na atakuwa mwepesi wa hasira. Dhiki hiyo huzidi katika juma la kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya majuma mawili hivi, ingawa usingizi huweza kuchelewa kurudi. Asijifiche. Amwambie mtu mmoja amwaminiye. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, huenda mjomba akawa mtu huyo. Pia Mamlaka iliyotajwa ina simu ya bure, namba 119. Na akisikia sauti zisizokuwapo, au akiwashuku watu wote, apelekwe hospitali upesi, wala asicheleweshwe kwa waganga wa ramli.

Mwisho, neno kwa jamaa na Jumuiya. Katika zama za Mtume s.a.w. mtu mmoja aliletwa mara nyingi kwa kosa la kunywa pombe. Mmoja wa waliohudhuria alimlaani. Mtume s.a.w. alikataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Kosa halikuhalalishwa, wala mkosaji hakufukuzwa. Basi kijana aliyeacha kisha akaanguka tena, asifungiwe mlango wa msikiti; aitwe, asimamishwe karibu nasi katika safu, aanze upya. Na wewe uliye na miaka kumi na sita au ishirini, usingoje uzeeni: umebakiwa na umri mrefu wa kuokoa.

Mwenyezi Mungu azilinde akili za vijana wetu, na awape nguvu wanaopigana na mazoea haya. Amin.