Dondoo Muhimu: Mazoea Yadhuruyo Nafsi

Mvuvi wa dagaa wa Kilindoni, akeshaye baharini na taa katika usiku usio na mbalamwezi, hana budi kuufidia usingizi wake mchana, katika chumba chenye kiza, kabla ya kuzishika nyavu zilizotatuka. Kwani akili iliyonyimwa usingizi huzaa hamaki na huzuni. Asijihadae kwa kahawa ya alasiri, ambayo athari yake hudumu mwilini saa nyingi, wala asilale na simu mkononi.

Baya zaidi, naamini kwa dhati, ni kujitenga: aliyerudi na chombo kitupu kisha akaikwepa baraza juma zima, jamaa zake na wamwendee nyumbani. Na dhiki ikizidi majuma mawili, aende hospitali ya wilaya, pale pale Kilindoni, bila ya kuona haya.