Kompyuta ya Duka Imekwama Ikipandishwa Windows? Pesa Yako Haijakwama

Tuseme una duka pale Adams Arcade, Ngong Road. Ijumaa jioni ulibonyeza kitufe cha kuhamia Windows 11, ukafunga duka ukaenda nyumbani. Jumamosi asubuhi unafungua: skrini nyeusi, duara linazunguka, na maandishi yanasema asilimia 61. Unapanga bidhaa, unapiga deki, unarudi. Bado 61. Mteja wa kwanza ameshalipa kwa simu na anataka risiti. Hesabu ya mwezi na orodha ya wanaodaiwa ziko ndani ya hiyo kompyuta.

Hapo ndipo watu hupaniki, na hasara kubwa huanzia hapo. Kompyuta yenyewe mara nyingi hupona. Shida ni yale mtu anafanya akiwa na haraka: kuzima ovyo, kubonyeza kitufe cha kufuta kila kitu, au kumpa mtu asiyemjua nywila na PIN. Kwa hivyo leo tufuate hatua moja moja.

Kwanza, endelea kuuza

Malipo ya till hayakai kwenye kompyuta yako. Yako kwenye mfumo wetu, na kompyuta ni dirisha tu la kuyaangalia. Ikikwama, pesa inaendelea kuingia kama kawaida.

Thibitisha kila malipo kwa ujumbe ulioingia kwenye simu ya duka, au ufungue app uangalie salio. Usikubali mteja akuonyeshe ujumbe kwenye simu yake, kwa sababu ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja. Kisha chukua daftari uandike saa, kiasi, nambari ya muamala na kilichouzwa. Kompyuta ikirudi, utalinganisha daftari na taarifa ya till, mstari kwa mstari.

Je, imekwama kweli?

Ile asilimia kwenye skrini haitembei kama saa. Inaweza kukaa mahali pamoja muda mrefu, halafu iruke ghafla. Laptop ya ex-UK yenye diski ya zamani ya kuzunguka itachelewa zaidi kuliko yenye SSD.

Angalia taa ndogo ya diski, kama kompyuta yako inayo. Ikiwa inawakawaka, kazi inaendelea, iache. Sikiliza pia feni na diski. Hakikisha chaja imechomekwa na soketi imewashwa, maana betri ikiisha katikati utakuwa umeongeza shida ya pili. Ikiwa nambari haijasonga kwa saa tatu hivi na hakuna dalili yoyote ya diski kufanya kazi, sasa unaweza kusema imekwama.

Hatua za kuikwamua

1. Chomoa vitu vya nje: printa ya risiti, skana ya bei, flashi, modemu. Kifaa kimoja cha nje kinaweza kuzuia kazi yote. Acha chaja, kibodi na mausi tu. Subiri kidogo uone kama itasonga.

2. Ikikataa, shikilia kitufe cha kuwasha kwa kama sekunde 10 mpaka izime kabisa. Hii ni hatua ya kufanya mara moja, baada ya kungoja. Usiizime na kuiwasha kila dakika tano.

3. Iwashe tena. Mara nyingi Windows hutambua kuwa safari ilikatika na hurudisha toleo la zamani yenyewe. Ukiona maandishi yanayosema inatengua mabadiliko, usiiguse tena hata ikichukua saa nzima.

4. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida itafungua ukurasa wa ukarabati. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", halafu "Startup Repair". Hiyo hujaribu kurekebisha namna mashine inavyowaka bila kugusa faili zako.

5. Kwenye ukurasa huo kuna pia "Reset this PC", na ndani yake "Remove everything". Hicho kitufe hufanya kile kinachosema. Kama hesabu zako hazina nakala mahali pengine, usikibonyeze, na usimruhusu fundi akibonyeze kabla hajazitoa.

6. Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, usidhani umevamiwa. Ni kufuli ya diski, na ufunguo wake una tarakimu 48. Kwenye kompyuta nyingi za watu binafsi ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu uusome. Kama ulinunua laptop mtumba na akaunti ni ya mwenye kwanza, hapo pana kazi. Ni vizuri ukague leo kabla mashine haijakwama.

Kwa nini ilikwama?

Ikishawaka, Windows huenda ikakuonyesha msimbo wa kosa. Uandike kama ulivyo. Hii ndiyo unayoweza kukutana nayo:

- 0x80070070: nafasi kwenye diski haitoshi. Hamisha video na picha, futa faili za muda, kisha jaribu tena.
- Unaoanza na 0xC1900101: mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoongoza kifaa kama printa au kadi ya skrini. Isasishe kutoka kwa mtengenezaji wa laptop.
- 0xC1900208: kuna programu isiyokubaliana na toleo jipya, mara nyingine antivirusi ya zamani. Iondoe kwanza.
- 0xC1900200: mashine haijafikia kiwango kinachotakiwa.

Huo wa mwisho unawahusu wengi wenye laptop za mtumba. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha nane. Laptop ya kizazi cha nne au cha sita inaweza kuwa nzima kabisa na bado isikubaliwe. Kabla ya kuanza, pakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakwambia ndiyo au hapana.

Na kwa nini ujisumbue? Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini bila masasisho ya usalama kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi. Kwa kompyuta za watu binafsi, Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Kama mashine yako ni ya zamani, huo ni muda wa kujipanga kununua nyingine.

Jihadhari na "msaada" unaojileta

Ukurasa halali wa kusasisha Windows hauonyeshi nambari ya simu ya kupiga. Ukiona skrini inayopiga kelele kuwa kompyuta imefungwa na upige nambari fulani sasa hivi, huo ni utapeli. Vivyo hivyo mtu akikupigia akidai anaona kompyuta yako imekwama. Ameionea wapi?

Mchezo wao ni mmoja: watakuambia uweke programu ya kuwaruhusu kuingia kwenye kompyuta yako wakiwa mbali, kisha watakuomba ufungue akaunti ya biashara ili "wathibitishe". Sisi hatuombi PIN, wala nywila, wala msimbo wa mara moja uliotumwa kwenye simu yako. Hata akijitambulisha kwa jina letu, kata simu.

Fundi wako wa siku zote naye mpe mashine, lakini usimpe PIN. Ukiweza, ondoa kwanza nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mashine ikiwa haiwaki, tumia simu yako kubadilisha nywila ya akaunti ya biashara kabla hujaiacha kwake. Kumbuka pia kwamba faili yako ina nambari za simu za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzitunze.

Kama ulishampa mtu nafasi ya kuingia, kata intaneti mara moja, badilisha PIN na nywila kwa kutumia simu, kisha tupigie kwa nambari iliyo ndani ya app. Usione aibu. Kila dakika ina maana.

Kabla ya kujaribu tena

Nakili hesabu na orodha ya madeni kwenye flashi, kisha ichomoe uiweke mbali na kompyuta. Fungua nakala hiyo kwenye mashine nyingine uone kama inasomeka. Chagua Jumamosi jioni au siku ambayo duka halifunguliwi, usichague mwisho wa mwezi. Tumia intaneti isiyokatika, kwa sababu upakuaji ni GB kadhaa na bando ndogo itaisha njiani. Kama stima ya mtaa wako hupotea mara kwa mara, tumia laptop yenye betri nzima au UPS.

Ukishafika Windows 11 na usipopendezwa nayo, kwa kawaida una siku 10 za kurudi toleo la zamani kupitia ukurasa wa "Recovery" kwenye mipangilio. Kwa hivyo jaribu printa ya risiti na programu ya hesabu siku ile ile ya kwanza, usingoje wiki mbili.

Na lile daftari la Jumamosi usilitupe. Liache kwenye droo ya kaunta na kalamu yake. Siku nyingine kompyuta ikikwama, utaanza kuandika na mteja wako hatajua kuna tatizo.