Mzazi Anaposahau: Maswali ya Familia Kabla ya Kwenda Hospitali

Mama anauliza swali lilelile mara nne asubuhi moja. Si ni uzee tu?

Uzee hupunguza kasi. Mtu wa miaka 75 anaweza kusahau jina la jirani, kisha likamjia usiku akiwa kitandani. Hilo halina neno. Shtukeni pale mambo aliyoyamudu maisha yake yote yanapoanza kumponyoka: mama ntilie wa siku nyingi anachanganya chenji, mzee anapotea njia ya kutoka msikitini, ada ya mjukuu inatumwa mara mbili kwa simu na mwenyewe anaapa hakutuma hata mara moja. Wengine huanza kwa kubadilika tabia. Mpole anakuwa mshari, au mama anamtuhumu binti wa kazi kwa wizi wa khanga alizozificha mwenyewe chini ya godoro.

Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 wana dimensia, ugonjwa wa ubongo unaovuruga kumbukumbu na fikra. Yaani wazee zaidi ya tisa katika kila kumi wanafika umri huo bila ugonjwa huu. Anayewaambia "ni uzee huo, mwacheni" hajawajibu kitu.

Na kama tatizo limeanza ghafla, wiki hii tu?

Msisubiri kliniki, nendeni leo. Dimensia huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee akichanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi mwili ndio unaoumwa: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kali wala kikohozi, akawa anaweweseka tu. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hofieni kiharusi.

Ulizaneni pia kama alianguka karibuni. Damu huweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kwamba aliteleza bafuni. Huyo huenda akahitaji upasuaji, na wengi hupata nafuu.

Tuanzie wapi?

Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, muombe rufaa ikibidi. Mzee wa miaka 60 na zaidi aulize dirisha la wazee. Sera ya wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliweka msingi wa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina madaktari bingwa. Msishangae mkielekezwa kliniki ya afya ya akili. Huko ndiko wengi hupimwa, na haina maana kwamba mzazi wenu amekuwa kichaa.

Tukifika tuombe CT moja kwa moja?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Picha ya kichwa huonyesha uvimbe, damu au athari za kiharusi, lakini peke yake haithibitishi dimensia. Ugonjwa huu hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya anayeishi na mgonjwa. Mtoto aliyeko mjini, anayelipa bili zote, mara nyingi ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Aende yule anayempikia.

Wiki kadhaa kabla, andikeni kwenye daftari mambo yaliyotokea, bila kuyapamba:

*Machi: alibandika wali bila maji, sufuria ikaungua. Baada ya Idi: alimwita mjukuu kwa jina la kaka yake marehemu. Agosti: alitoka saa nane usiku, anakwenda shamba. Shamba liliuzwa zamani.*

Ukurasa mmoja wa namna hiyo humfaa daktari kuliko kumwambia "anasahausahau".

Bebeni pia dawa zote anazotumia, hata za duka la mtaani na za miti shamba. Piriton, amitriptilini na diazepam zinaweza kuvuruga akili ya mzee. Metformin ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu wake unaweza kuleta usahaulifu. Ndiyo maana daktari ataagiza vipimo vya damu: wekundu wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, B12, VVU na kaswende. Ataangalia pia masikio na macho, na atauliza kuhusu sonona, hasa kama amefiwa na mwenzi wake. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta kinachotibika.

Mama hajui kusoma. Atapimwaje?

Vipo vipimo visivyohitaji kalamu. Kimoja, IDEA, kilitokana na utafiti wa Hai: mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hueleza daraja ni la kazi gani, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, kisha hukumbuka maneno kumi aliyosomewa. Kama Kiswahili chake ni cha kuokoteza na lugha yake ni Kisukuma, semeni mapema. Asihesabiwe mgonjwa kwa kukosa msamiati.

Baba amegoma kabisa.

Msimfanyie mtihani mezani, "Huyu nani? Leo siku gani?", mbele ya wajukuu. Hiyo ni kumvunjia heshima, na atagoma zaidi. "Baba, twende tukapime presha na sukari, na hako kausahaulifu tumwambie daktari" ni maneno ya kweli, na mara nyingi yanatosha. Yale ya aibu, kama kujikojolea, yaandikwe na kukabidhiwa daktari pembeni.

Na wanaosema amelogwa, au kwamba yeye ndiye mchawi kwa sababu hutembea usiku? Vikongwe wameuawa nchini kwa tuhuma za namna hiyo. Majirani waelezwe mapema kwamba ni ugonjwa.

Kama dimensia haiponi, jina la ugonjwa litatusaidia nini?

Donepezil na dawa za jamii yake huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, haziponyi. Lakini aina ya dimensia hubadilisha matibabu. Iliyotokana na mishipa ya damu inadai presha na sukari zidhibitiwe vizuri. Mzee anayeona watoto wadogo wamekaa kwenye kochi, huku akitembea kwa kukakamaa, huenda ana dimensia ya Lewy. Huyo akipewa haloperidol ili atulie anaweza kudhurika vibaya. Mwambieni daktari habari ya hao watoto hata kama hakuuliza.

Kuna pia shamba, nyumba na akaunti. Wosia ulioandikwa akili ikiwa haimudu tena unaweza kupingwa mahakamani, kwa hiyo mwanasheria aitwe mzee angali anaweza kujisemea. Na kama daktari hakuwa na uhakika safari ya kwanza, endeleeni kuandika kwenye daftari na mrudi baada ya miezi sita.